Miunganisho Iliyogoma Kufungwa

Seva yetu ilikuwa ikigoma siku za gulio tu. Siku nyingine ilifanya kazi bila kelele, watu wakiingia na kutoka kwenye tovuti yetu kwa simu zao. Ikifika asubuhi ya gulio, pale wakulima wa Makere na Gwarama walipotuhitaji kuliko wakati mwingine wowote, ukurasa ulikataa kufunguka. Mtu alibonyeza, akasubiri, kile kiduara kikazunguka wee, mwisho akachoka na kunipigia mimi.

"Mama, mashini yenu inatukatala," aliniambia mchuuzi mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akitafuta muhogo kupitia kwetu. "Tunaingiaka, inatufukuza. Iko namna gani?"

Sikujua iko namna gani, na kujua ilikuwa kazi yangu. Tulikuwa wawili tu katika shughuli ile, mimi na rafiki yangu. Yeye aliandika programu, mimi nilitunza mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mtumba tuliyoiweka Kasulu mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake mdogo. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya vitenge vipya na mlio wa feni. Palikuwa na betri za kutusaidia umeme ukikatika, na kiti kimoja cha plastiki tulichogombania kama watoto.

Wazo la tovuti lilikuwa letu wote wawili. Malori yalileta mizigo huku juu, mengine kambini, mengine madukani, kisha yakarudi matupu. Wakati huohuo wakulima walikuwa na maharage na mahindi ndani ya nyumba na hawana usafiri, wakabaki kuuza kwa walanguzi waliokuja mlangoni na magunia ya lumbesa, yale ya kujazwa hadi yanaota kichwa, halafu yanahesabiwa kuwa gunia moja. Tukasema: tuwakutanishe. Mkulima aandike ana mzigo gani na yuko kijiji gani. Dereva anayerudi aone, apige simu, wapange. Majirani wachangie lori, wauze mbali, wapate bei ya maana.

Wazo lilishika. Nilimwona mwanamke wa Gwarama akibusu simu yake kwa sababu dereva amempigia mwenyewe. Siku hiyo rafiki yangu alinishika mkono akasema, "Shoga, tumefanya kitu."

Nimseme kidogo, maana bila kumjua hutaelewa kilichoniuma.

Tulikutana sekondari ya bweni. Yeye ni wa Kibondo mjini, nyumba ya Waislamu wafanyabiashara, babu yake alitoka pwani na Kiswahili chao kilikuwa kitamu kuliko chetu sote. Mimi ni wa Makere. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa wadogo, wakakulia kwenye makazi ya wakimbizi, baadaye wakapewa uraia, nami nikazaliwa Mtanzania. Nyumbani tulisema lugha yetu, na Kiswahili changu kilipofika shuleni kilikuwa bado kina lafudhi. Wiki ya kwanza msichana mmoja aliuliza kwa sauti, bweni zima likisikia, kama mkimbizi naye amepangiwa kitanda. Kabla sijajua niseme nini, huyu wa Kibondo akanyanyuka, akachukua godoro lake, akalitupa kwenye kitanda kilichokuwa juu ya changu. "Nahamia hapa," alisema. "Mwenye swali aniulize mimi."

Tangu hapo tulikuwa pamoja. Idd nilikula kwao pilau, kaka yake mkubwa akinitania kwamba naogopa pilipili. Krismasi yeye alikuja kwetu Makere, akakaa jikoni na mama yangu wakimenya muhogo. Mama alimwita *mwana wanje*, mwanangu, kama alivyoniita mimi, na yeye alijifunza kuitikia. Vyuo vilitutenganisha kidogo, lakini tulirudi Kasulu tukiwa na nia moja.

Kwa hiyo sikuwahi kuisoma programu yake. Nilijua inafanya nini, haikunipitia akilini kuikagua. Na yeye hakuwahi kuuliza nimefunga mashine namna gani.

Seva ilipoanza kugoma, kwanza niliwalaumu waliotuuzia intaneti. Niliwapigia, nikapandisha sauti, fundi wao akaja akapima, akaniambia laini ni nzima. Nilikuwa nimegundua kwamba nikizima programu na kuiwasha upya, mambo yanatengemaa, lakini kwa muda tu. Ikifika saa nne hivi asubuhi, inagoma tena. Nikawa siku za gulio nashinda kwenye kiti kile cha plastiki kama mlinzi, nazima, nawasha, nazima, nawasha.

Nikaanza kuangalia miunganisho. Kila simu inapoifungua tovuti, hufungua njia ya mazungumzo kati yake na seva, na mazungumzo yakiisha njia hiyo inatakiwa kufungwa na pande zote mbili. Kuna amri ya kuuliza seva ikuonyeshe njia zote zilizopo na kila moja iko katika hali gani. Niliiandika, na kioo kikajaa. Nyingi zilikuwa na maneno TIME_WAIT, maana yake pande zote zimeshaagana na seva inasubiri kidogo kabla ya kufuta, isije ikawa kuna ujumbe umechelewa njiani. Kwa ugeni wangu nikaona hao ndio wachawi. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta mtu anashauri kwa uhakika kabisa: badilisha mpangilio huu, seva yako haitasubiri tena. Nikabadilisha.

Siku hiyohiyo kambi nzima ikatupotea. Kule watu wengi waliingia kwenye mtandao kupitia laini moja ya pamoja, kwa hiyo kwa seva yangu walionekana kama mtu mmoja, na mpangilio ule mpya uliwaona wakigongana ukawatupa nje. Yule mchuuzi Mkongo akanipigia tena, safari hii hakuniita mama. Nikarudisha mambo kama yalivyokuwa, nikakaa chini, nikajifunza kwa utulivu. TIME_WAIT haikuwa ugonjwa. Zilikuwa nyingi, ndiyo, lakini baada ya dakika moja kila moja ilitoweka yenyewe.

Katikati ya zile nyingi ndipo nikaona nyingine ambazo hazitoweki. CLOSE_WAIT. Hiyo ina maana tofauti kabisa: upande wa pili umeshaaga, umeondoka, na seva imejulishwa, lakini programu ya upande wetu haijafunga mlango wake. Na haitafunga. Mlango utabaki wazi mpaka programu izimwe. Kila mlango unakula nafasi, na nafasi zina mwisho. Zikiisha, mgeni mpya hana pa kuingilia.

Niliziangalia zikiongezeka mbele ya macho yangu. Kila mkulima alipoandika mzigo mpya, iliongezeka moja. Ndiyo maana siku za kawaida hatukuona kitu, na siku za gulio tulizama. Nilifurahi, kusema kweli. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka baba mdogo akachungulia kutoka dukani kuuliza kama nimeumia.

"Nimeipata, baba," nilimwambia.

Ila kulikuwa na jambo sikulielewa. Njia zote zile hazikutoka kwa wageni wetu. Ni seva yetu yenyewe iliyozifungua, kwenda nje, na zote zilielekea kwenye anwani moja, mashine moja ambayo sikuifahamu.

Nikampigia rafiki yangu. Siku hizo alikuwa Kibondo mara kwa mara, akisema kaka yake haendi vizuri na biashara ya nafaka na nyumbani kuna mawazo.

"Aa, hiyo," alisema, bila kusita. "Ni nakala ya akiba. Kila mzigo ukiandikwa unapelekwa na pale, ili mashine ikiungua tusipoteze kitu. Sikukwambia?"

"Hukuniambia. Ila programu yako haifungi njia ikishamaliza. Ndiyo inatuua siku za gulio."

"Kumbe! Pole shoga yangu, umehangaika. Nitairekebisha."

Nilicheka. Nilimwambia anadaiwa soda. Nikakata simu nikiwa mwepesi, kwa sababu nimepata jibu, na pia kwa sababu rafiki yangu alikuwa amefikiria akiba wakati mimi sikufikiria.

Hakuirekebisha. Gulio likapita, likapita jingine. Kila nikimkumbusha alikuwa na sababu.

Kati ya hapo nikaenda Makere kumwona mama. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje, amejifunika kitenge ingawa jua lilikuwa kali, midomo imepauka. Nikamsalimia, "Mwakeye, mama," akaitikia kwa sauti ya chini. Alikuwa ametoka kuugua homa kali na hakuniambia, eti asinisumbue. Chumba cha stoo kilikuwa kitupu.

"Maharage yako wapi?"

"Nimeuza."

"Lori lilikuja?"

"Halikuja. Nilijaribu kuandika kwenye hiyo simu yenu, nikaandika kila kitu mnachouliza. Baadaye nikataka kuangalia kama kuna dereva, ikakataa kufunguka. Akaja kijana wa pikipiki. Alisema lori halitapatikana juma hili, ya kwenu imekufa." Alivuta kitenge mabegani. "Nikauza kwa lumbesa yake. Ningefanyaje, nilitaka kwenda hospitali."

Nilijisikia vibaya mno, nikaanza kumweleza habari za milango isiyofungwa. Akanikatiza.

"Kitu kimoja kilinishangaza. Yule kijana hata hajashuka kwenye pikipiki, aliniambia: pole na homa, mama. Nani alimwambia nina homa? Majirani wenyewe walikuwa hawajui."

Nikasema labda alimwona uso. Nilisema hivyo nikaamini. Sasa nikikumbuka nashangaa jinsi mtu anavyoweza kushikilia kitu mkononi asikione.

Kwenye fomu yetu, ya kuandika mzigo, kulikuwa na sehemu inayoitwa Haraka. Rafiki yangu ndiye aliyeileta. Alisema tuwaulize watu mzigo wao una haraka kiasi gani, na kwa sababu gani, ili madereva wamfuate kwanza mwenye shida. Nililipenda wazo lile, nililiona lina huruma. Na watu waliandika ukweli wao wote mle: mtoto karudishwa shule, tuna msiba, mume kalazwa. Mama yangu aliandika kwamba ana homa.

Nilirudi Kasulu nikiwa nimeamua kutosubiri tena. Sikuwa na hasira na rafiki yangu, nilimwonea huruma kwa matatizo ya kwao. Nilijiambia: nakala ya akiba inaweza kukaa siku moja bila kwenda, hakuna atakayekufa. Asubuhi ya gulio, kabla watu hawajaanza kuingia, nikaiagiza seva ikatae papo hapo njia yoyote inayotaka kwenda kwenye anwani ile. Basi. Sikugusa kingine.

Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote. Ukungu uliondoka mapema, duka lilijaa wanawake wanaochagua vitenge, na seva ilienda kama maji. Watu waliandika mizigo, madereva walipiga simu, nami nilikaa nikinywa chai kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Hakuna hata CLOSE_WAIT moja.

Chai ilikuwa haijaisha simu ikaita. Ni rafiki yangu.

"Umegusa nini?" Hakunisalimia.

"Salama wewe? Nimezuia ile nakala kwa leo. Na unaona, seva nzima kabisa!"

"Irudishe."

"Nitairudisha jioni. Tuache gulio lipite kwanza."

"Shoga, irudishe sasa hivi. Tafadhali."

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Nakala ya akiba haina mtu anayeisubiri asubuhi ya gulio. Lakini kabla sijauliza, nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamume, karibu kabisa na simu, sauti iliyokuwa ikinitania kuhusu pilipili nilipokuwa msichana.

"Muulize basi Makere leo ni akina nani," alisema kaka yake. "Vijana wamesimama tu na pikipiki hawajui waanzie wapi."

Yeye akasema "Shh!" Kisha simu ikakatika.

Nilibaki nimeshika kikombe. Nakumbuka nilisikia kila kitu kilichokuwa kikiendelea dukani kwa uwazi wa ajabu, mkasi ukipita kwenye kitambaa, mtu akiomba apunguziwe. Pole na homa, mama. Hata hajashuka kwenye pikipiki.

Rafiki yangu alifika Kasulu kabla ya adhuhuri kuingia. Alikuja na gari la kukodi kutoka Kibondo, vumbi jekundu limemjaa kwenye mtandio, akafunga mlango wa chumba chetu nyuma yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sikumpisha.

"Nisikilize kwanza," alisema.

"Nakusikiliza."

"Kaka alikuwa anazama. Wakopeshaji wanakuja nyumbani, wanamfokea mbele ya watoto wake. Mama yangu halali. Aliniomba kitu kidogo tu, ajue mizigo iko wapi mapema kidogo, kabla ya madereva. Angenunua kama wengine wanavyonunua. Nilidhani ni kwa muda."

"Na lori la watu likija linakuta nini?"

Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio.

"Na ile sehemu ya Haraka? Uliileta kwa ajili ya madereva au kwa ajili yake?"

"Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya madereva, naapa."

"Na baadaye?"

Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta. Alisema polepole, akiangalia viatu vyake: "Kaka aliomba wale wenye haraka zaidi watangulie juu. Nikapanga hivyo."

Nilichukua muda kuelewa. Haikuwa tu kwamba alimpa kaka yake majina ya watu. Alikuwa amekaa chini, ameandika kwa mikono yake sehemu ya programu inayotafuta nani leo amebanwa zaidi ya wenzake, mwenye mgonjwa, mwenye msiba, ili kijana wa pikipiki aanze na huyo kabla hajapata pumzi ya kusubiri lori.

"Mama yangu alikuwa juu kabisa," nilisema. "Siku aliyougua. Ulimwona?"

"Sikuwa naangalia majina!" Alianza kulia. "Wallahi sikuwa naangalia majina. Ningemwona mama ningemwondoa."

Nadhani hapo ndipo palipovunjika. Laiti angesema alimwona akashindwa, labda ningepata pa kuanzia. Lakini kunifariji kwa kusema kwamba angemwondoa mama yangu na kuwaacha mama za wengine! Nilimwangalia, nikamkumbuka yule msichana aliyetupa godoro juu ya kitanda changu, nikashindwa kuwaweka wawili hao katika mwili mmoja.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Nilishinda hapa magulio mangapi, nazima na kuwasha? Nilikwambia mlango haufungwi, ukaniambia pole umehangaika."

"Nilikuwa najaribu kuurekebisha usijue."

"Ulishindwa kuufunga?"

"Nilishindwa. Ningekuuliza wewe, lakini ningekuulizaje?"

Alinishika goti. Alisema tuitoe sehemu ile, sasa hivi, wote wawili, na tusimwambie mtu, maana watu wakijua watatukimbia na kazi yote itakuwa bure. Alisema hayo kwa sauti ileile ya kunibembeleza tuliyokuwa tukitumia bwenini tukiwa na njaa. Nilitoa mkono wake. Nilimwambia atoke.

Nilifungua programu yake nikaisoma kwa mara ya kwanza, peke yangu, mchana ule. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Mwandiko wake wa programu ulikuwa nadhifu kama vitabu vyake vya shule, na ile sehemu mbaya ilikuwa nadhifu pia, isipokuwa mahali pa kufunga njia palipomshinda. Niliikata sehemu hiyo yote. Nikaondoa na Haraka. Nikawasha, na mambo yakatulia.

Jumapili nilikwenda Makere. Nilimwomba mchungaji, na baada ya ibada akaniruhusu nisimame uani. Nikawaeleza, bila kumtaja mtu kwa jina, kwamba walichokiandika kwetu kilikuwa kikienda kwa mlanguzi, na ndiyo maana pikipiki zilitangulia kufika. Nilidhani nikisema ukweli watanielewa. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa ameuza mahindi ya mwaka mzima siku ya msiba wa mumewe alinifuata mpaka karibu kabisa, hakunipigia kelele, aliniuliza tu, "Kwa hiyo ulikuwa unaona nilichoandika?"

"Sikuona, mama. Seva ndiyo iliyokuwa ikipeleka."

"Seva ni ya nani?"

Nyuma yake mwanamume mmoja, Muha wa hapohapo tuliyechota naye maji kisima kimoja tangu utotoni, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Nyie wakimbizi hamjatosheka tu?" Mama yangu alikuwepo. Aliinua mkoba wake, akanishika mkono, tukaondoka. Tulipofika nyumbani akauliza, "Ni yule mwanangu wa Kibondo?" Nikasema ndiye. Akaingia ndani akalala mchana wote, mtu ambaye sijawahi kumwona akilala mchana akiwa mzima.

Rafiki yangu hakuja kusimama nami uani pale. Sikumwita, lakini nilimngojea. Katika wote waliostahili kulaumiwa, mimi peke yangu ndiye niliyesimama, na nilichoshindwa kumsamehe kwa muda mrefu kilikuwa hicho, kuliko hata maharage.

Baada ya hapo baba yake mdogo aliniomba, kwa adabu sana, nihamishe mashine. Alisema chumba anakihitaji kwa mizigo ya vitambaa. Aliagiza ifungwe vizuri kwa maturubai, akanisaidia mwenyewe kuipakia kwenye bajaji, na hakuniangalia machoni. Niliipeleka chumbani kwangu. Tovuti iliendelea, ila watu wa Makere wengi hawakurudi. Gwarama walirudi kidogo kidogo, na kule kambini hawakuacha kabisa; yule mchuuzi Mkongo aliniambia yeye amepoteza vingi kuliko muhogo na hana muda wa kuninunia. Siku hizi mtu akijiandikisha simuulizi chochote zaidi ya mzigo na kijiji. Nimepata kazi ya kutunza mashine za hospitali moja ya misheni, tovuti naishughulikia jioni.

Rafiki yangu nilimwona tena mwaka huu, Kibondo, nilikokwenda kwa kazi. Nilikuwa nanunua migebuka sokoni nikasikia mtu ananiita. Kumbe ni yeye, amenenepa kidogo, ana mtoto mgongoni. Tulisimama katikati ya wauza samaki, watu wanatupita.

"Hujambo?"

"Sijambo. Nawe? Umepata mtoto."

"Wa kike." Akamshusha, akanipa nimbebe, nami nikampokea kwa sababu mtoto hakataliwi. Alikuwa mzito na ana joto. Rafiki yangu aliniambia kaka yake alihamia Tabora, biashara haikusimama. Aliuliza hali ya mama. Nilisema mzima.

"Nilitaka kuja kumwomba radhi," alisema. "Niliogopa."

"Njoo," nilimwambia. "Yupo nyumbani."

"Utakuwepo?"

Nilifikiria. Mtoto alikuwa ameshika kidole changu akikivuta mdomoni.

"Hapana," nilisema. "Nenda kwake peke yako. Mimi bado."

Aliitikia kwa kichwa, akampokea mtoto, akamfunga mgongoni. Nililipia migebuka yangu na kuondoka, maana gari la kurudi Kasulu lilikuwa limeshaanza kupiga honi.